Poti Iliyolala Kifudifudi

Sio kweli, dada. Nilikujibu hivyo juzi pale kwenye benchi la hospitali Kasulu, ukanikatisha, halafu nikaitwa ndani kabla sijamaliza, kwa hiyo namalizia hapa. Ulisema poti, kile kidude kinachozikwa chini ya ngozi, ni ya kupitishia dripu tu. Ulisema mashine ya siti skani inasukuma ile dawa ya picha kwa nguvu kama bomba la kunyunyizia kahawa, na kimpira cha ndani kitapasuka, dawa imwagike kifuani kwa mwanao. Ukasema kuna mtu wa kwenu Makere alikuambia, na mwanao humruhusu awekewe.

Mimi sikuambiwa na mtu, dada. Mimi imepita mwilini mwangu. Kuna poti zinazostahimili ile nguvu na kuna zisizostahimili, na hilo ni swali la kumuuliza daktari kabla hajaiweka, maana ikishawekwa imeshawekwa. Yangu ni ile inayostahimili. Dawa ilipita, picha ikatoka, na niko hapa naandika. Kilichotaka kuniharibia mimi sio mashine. Ni mikono. Tena mikono ninayoipenda kuliko yote duniani, na hapo ndipo uliponikatisha.

Naitwa Odilia. Nyumbani ni Kibondo mjini, Mama anashona nguo kwenye kibaraza cha duka la Mzee mmoja wa Kiislamu ambaye hajawahi kumfukuza hata siku cherehani ilipojaza njia. Nilimaliza kidato cha nne, nikawa nasubiri kwenda chuo, ndipo tezi zikatoka shingoni. Saratani ya tezi ni nini, sitaeleza, wapo wenye kazi hiyo. Mimi nitaeleza kusubiri, maana ndicho nilichofanya zaidi na ndicho nisichokiweza kabisa. Mimi ni mtu wa kusimama kwenye foleni huku nahesabu waliopo mbele kwa hasira.

Dripu za mwanzo zilipita mikononi. Mvua zilikuwa ndio zinaanza, watu wanapanda maharage, na sisi tunapanda basi kwenda hospitali ya rufaa, mbali huko, unavuka Nyakanazi na bado unaendelea. Kila tukienda, mshipa mmoja unakufa. Unakuwa mgumu chini ya ngozi kama kamba ya katani, halafu unageuka mweusi. Nywele zilianza kubaki kwenye mto, Mama akaninyoa zote kwa mkasi wake wa kushonea. Kucha zikawa na michirizi. Ugali wa muhogo ukawa una ladha ya msumari. Nilikuwa nikimkasirikia yeyote anayeula kwa raha mbele yangu.

Sista Yustina, nesi wa kule wodini, ndiye aliyesema.

"Mdogo wangu, mishipa yako imechoka kuliko wewe."

"Na mimi nimechoka, Sista."

"Wewe bado una mdomo. Mishipa haina. Tunakuwekea poti."

Poti yenyewe ni kitu kama kisoda, kinene kidogo. Wanakuchana chini ya mfupa wa mtulinga, wanakizika chini ya ngozi, na kimpira chake kinaingia kwenye mshipa mkubwa wa karibu na moyo. Wanashona, basi. Juu ina uso laini ambao sindano inaingia, na yangu ina vipele vitatu ambavyo nesi anavipapasa kwa kidole ili ajue achome wapi. Tangu siku ile sikutobolewa mkono kwa dripu tena. Sindano moja, mara moja, nalala. Ukitaka kujua huruma ndogo inafananaje, ni hiyo.

Sasa, katikati ya dripu moja na nyingine nilikuwa napelekwa kwa Bibi, mama yake Mama, Nyakitonto. Kuna ubaridi, kuna kimya, na Mama anapata nafasi ya kushona. Bibi yangu ni mkandaji. Ukiteguka mguu unaletwa kwake. Mzazi akitoka hospitali anakandwa na yeye. Watoto wenye tumbo, wazee wenye kiuno, wote. Anapasha mawese kwenye kigae, anajipaka viganjani, na vile vidole vyake vinajua njia zao bila kuuliza.

Shingo yangu alianza kuikanda kabla hata hatujajua ni ugonjwa gani, na tezi hazikusogea. Dripu zilipoanza akaendelea, na safari hii zikaanza kupungua. Yeye mwenyewe alizisikia zikiyeyuka chini ya vidole vyake, wiki hadi wiki, mpaka shingo ikawa sawasawa. Ungekuwa wewe ungesemaje? Bibi alinishika kidevu, akakigeuza huku na huku, akacheka peke yake.

Halafu akakutana na poti.

"Na haka kamebaki," akasema.

"Bibi, hako kamewekwa na madaktari."

"Ego, ndiyo, najua. Wameweka dawa. Dawa inatakiwa isambae mwilini. Ikikaa hivi, donge, itaoza."

"Sio dawa, Bibi. Ni chuma. Hakiyeyuki."

"Chuma hakiyeyuki!" Akageukia ukuta kama vile kuna mtu amekaa pale wa kunishangaa mimi. "Mtoto amesoma mpaka sekondari, hajui jembe linatokea wapi."

Nilicheka mpaka kidonda kikauma. Na mawese yalikuwa ya moto, na nje mvua inapiga bati, na kwa miezi mingi kila mkono ulionigusa ulikuwa na sindano, au glovu, au pamba ya spiriti. Wake ulikuwa mkono tu. Nikalala. Kesho yake tena, na kila nilipoenda kule, alianzia shingoni akamalizia kwenye poti, pole pole, akiizungusha kwa kidole gumba kama anayetafuta mahali donge linapoanzia kulegea.

Dripu za mpango wa kwanza ziliisha mvua zikielekea mwisho. Daktari akatuambia bado kuna kitu katikati ya kifua, nyuma ya mfupa. Kimepungua sana, lakini hajui kama ni kovu au bado kiko hai. Kama ni kovu, anasimamisha dripu. Kama kiko hai, anaanza dripu kali zaidi ya zile. Jibu litatoka kwenye siti skani yenye dawa ya picha. Bila dawa, alisema, picha ya pale kifuani inakuwa kama uji, huoni kitu kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Kwa hiyo siku ya picha tulienda kutafuta jibu. Tulikaa kwenye chumba cha kusubiri tangu asubuhi, hatujala, wagonjwa wote tunaangalia televisheni isiyo na sauti. Damu yangu ilikuwa imeshapimwa kuona kama figo zitaiweza ile dawa. Mama alikuwa ameshika kanga yangu na kadi ya poti, ile inayosema ni ya aina gani, kwa mkono mmoja, kama tiketi. Nilipoitwa nilisimama haraka mpaka nikaona nyota.

Sista Yustina aliletwa kutoka wodini kuchoma poti, kwa sababu inatakiwa sindano yake maalumu na mtu aliyezoea. Akasafisha, akapapasa. Akapapasa tena. Uso wake ukabadilika.

"Odilia, umeanguka?"

"Hapana."

"Umevutwa? Umebebeshwa mzigo begani?"

"Hapana, Sista."

"Basi mbona poti yako haina uso?"

Alijaribu mara moja. Nilisikia sindano inagonga kitu kigumu ndani yangu, kama kijiko kwenye sufuria. Akaichomoa palepale, hakurudia, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Akasema tupige eksirei.

Poti ilikuwa imelala kifudifudi. Uso wa kuchomea umeangalia mbavu zangu, mgongo wa chuma umeangalia nje. Ilikuwa imepinduka pale ndani chini ya ngozi, yote.

Kijana wa mionzi, mpole tu, akasema wajaribu mkononi. Wakajaribu kushoto, ukavimba. Wakajaribu kulia, kwenye kiwiko, kwenye kiganja. Wakapata kamshipa kamoja kembamba juu ya kidole gumba. Yule kijana akakaangalia muda mrefu.

"Dada, kwa mshipa huu mashine siiwashi," akasema. "Ukipasuka, dawa inaingia kwenye nyama, mkono wote unaumuka. Bora unichukie leo kwa kukurudisha."

Umeona, dada wa Makere? Kupasuka kupo. Ila kilichokuwa kinaogopewa ni mshipa wangu, sio poti.

Nilimchukia kweli. Nililia kwa hasira mbele ya watu wote, nikiwa na kipara na gauni la hospitali lililo wazi nyuma. Tukaambiwa poti itageuzwa kwa upasuaji mdogo, tusubiri nafasi tukiwa nyumbani. Kusubiri tena. Na safari hii nikiwa na kitu kifuani ambacho hakuna anayejua kama kimekufa au kinakula.

Tukapanda basi kurudi. Tulipokaribia Nyakanazi Mama akasema, akiwa anaangalia dirishani, "Ni mama."

"Mama nani?"

"Mama yangu. Kila ukirudi kutoka kule gauni lako linanuka mawese hapa kifuani. Nikawa najiambia ni shingo. Hutakanyaga Nyakitonto tena."

"Sawa, basi mwambie kwa nini."

"Nimwambie nini? Kwamba nusura amuue mjukuu wake kwa mikono yake? Yule mzee anaishi kwa ile mikono, Odilia. Ukimwambia hivyo, hatamgusa mtu tena mpaka afe."

"Kwa hiyo unamnyima mjukuu ili asiumie?"

"Kaa kimya. Watu wanasikia."

Watu walikuwa wanasikia kweli. Mwanamke wa kiti cha mbele alikuwa ameshaacha kutafuna karanga.

Huo ndio ugonjwa mwingine, ambao hauonekani kwenye eksirei. Bibi akawa anapiga simu. Nilikuwa nasikia sauti yake inatoka kwenye simu ya Mama, maana anaongea kwa nguvu akidhani umbali unataka kelele. "Odilia hajambo? Kale kadonge kamesambaa?" Mama anajibu, "Amelala, mama." Na mimi nimesimama palepale nachekecha unga. Siku nyingine nimeenda dukani, siku nyingine naoga. Nikawa mtu anayeoga kuliko wote Kibondo.

Nikamwambia Mama nitaongea na Bibi mimi mwenyewe. Akaniambia nikithubutu, atajua mimi sina huruma. Tulikaa siku kadhaa tukisemeshana kwa mambo ya lazima tu. Chumvi iko wapi. Umeme umekatika. Kisha konda wa basi la Kasulu akashusha mkungu wa ndizi kwenye kibaraza, akasema, "Mnasalimiwa na bibi yenu. Anasema kama ni kunuka, ataoga. Mumrudishie mtoto." Konda alicheka alipokuwa anasema, alidhani ni utani wa wazee. Mama aliinama kwenye cherehani akashona mshono ambao baadaye aliufumua wote.

Kiangazi kilikuwa kimeshaingia, asubuhi za baridi, majani yanachomwa vilimani na majivu yanadondoka kwenye nguo zilizoanikwa, ndipo tukaitwa. Walinipiga ganzi, nikawa naangalia taa na kusikia wanavuta na kusukuma kifuani kama wanatafuta ufunguo kwenye mfuko wa mtu mwingine. Haikuuma. Kilichonisumbua ni kwamba daktari wa upasuaji alikuwa anaongea na mwenzake kuhusu mpira wa jana huku mimi nimelala pale na maisha yangu. Halafu nikafikiri, kama anaongea mpira, basi kazi ni rahisi. Ikanituliza. Akaigeuza poti, akaishona kwenye nyama ili isizunguke tena. Akaniambia, "Usikandwe hapa. Usisukumwe, usivutwe. Usiichezee hata wewe mwenyewe." Mama aliitikia kabla yangu.

Kidonda kilipopona tukarudi kwenye kile chumba cha televisheni isiyo na sauti.

Sista Yustina alipapasa, akatabasamu kabla hata hajasema. "Uso umerudi." Sindano iliingia. Akavuta, na damu yangu ikaja kwenye kile kimpira, nyekundu, bila kusita. Sikujua kama siku moja nitafurahi kuiona damu yangu. Akasukuma maji ya chumvi, nikasikia ladha yake kooni. Akamuuliza kijana wa mionzi mara mbili kama ameiona kadi, kama anajua poti hii ni ya aina gani na mwisho wa nguvu yake ni wapi. Kijana akasema ameona, akamsomea kwa sauti. Nawe muulize hivyohivyo, dada, usione aibu. Wao wenyewe wanaulizana.

"Utasikia joto mwili mzima," kijana akaniambia. "Utahisi umejikojolea. Hujajikojolea. Usitikisike."

Wakatoka wote. Mlango mzito ukafungwa. Kitanda kikaniingiza kwenye lile duara, mikono juu ya kichwa. Mashine ikaanza kusukuma. Nilisikia poti inasukumwa kidogo tu, kama mtu anayekugusa bega umpishe. Hakuna kilichopasuka. Joto likaanzia kooni, likashuka tumboni, likafika kule chini, na nikahisi kabisa nimejikojolea, kabisa, mdomoni nina ladha ya sarafu. Sauti ikasema vuta pumzi, zuia. Nikazuia. Katika ugonjwa wote ule sijawahi kusubiri kitu kwa utii namna hiyo. Walipofungua mlango nilipapasa shuka kwanza. Kavu.

Majibu tulipewa baadaye, tukiwa tumesimama kwa sababu viti vilikuwa vimejaa. Daktari alituonyesha kwenye kompyuta. Palipo hai, alisema, pangekunywa ile dawa pang'ae. Hapa hapajang'aa. Anavyoona yeye, ni kovu. Dripu amesimamisha.

Mama akauliza, "Kwa hiyo hicho kidude mnakitoa?"

"Hapana, mama. Nitampiga picha tena, na tena, kwa muda mrefu. Mishipa yake mmeiona. Hiyo poti ndiyo dirisha letu. Mkiipoteza, sitaona ndani."

Mama alitoka akaenda kwenye bomba la nje, akanawa uso, akanawa tena. Mimi nilibaki nimesimama. Sikujua nifanye nini na miguu yangu.

Juzi ndio tulikuja Kasulu kuisafisha kwa maji ya chumvi, maana isipotumika inatakiwa isafishwe isizibe, na pale yupo nesi aliyefundishwa. Ndipo nikakukuta wewe kwenye benchi. Wakati wa kurudi Kibondo, basi lilipita njia panda ya kwa Bibi. Nikaona mti wa parachichi wa jirani yake, nikaona moshi wa jikoni. Nikamwangalia Mama. Mama alikuwa amefumba macho na hakuwa amelala.

Leo jioni nimemwambia. Alikuwa anakanyaga cherehani ndani, sare za shule, mimi nakata nyuzi.

"Poti inabaki, Mama. Sasa utanificha Bibi asinione mpaka lini?"

"Mpaka itolewe."

"Na kama yeye ataondoka duniani kabla haijatolewa?"

Akaendelea kukanyaga.

"Na akija hapa mwenyewe je? Akija na mawese yake, nimelala, nawe hupo ndani? Hajui, Mama. Asiyejua ndiye atakayeigeuza tena."

Cherehani ikasimama. Mama akakaa ameshika kitambaa kwa mikono miwili.

"Utamwambiaje?"

"Kama ilivyo."

"Usiseme alitaka kukuua."

"Hakutaka kuniua. Hilo ni neno lako."

"Basi la kwanza linaondoka mapema," akasema, akarudisha mguu kwenye cherehani. "Ukichelewa, sitakuamsha."

Kwa hiyo kesho asubuhi naenda Nyakitonto peke yangu. Nitampigia Bibi makofi ya salamu, kama desturi yetu, nitaitikia kila anachouliza mpaka salamu ziishe, sitaziharakisha. Halafu nitamwambia kabla hajanipa chakula, kwa sababu nikishakula nitaogopa. Nitamwambia kwamba poti ina uso, na uso unatakiwa uangalie nje, na kwamba ilipinduka chini ya kidole chake, na kwamba imeshageuzwa na kushonwa na haikandwi tena. Nitamwambia tezi za shingo ziliyeyushwa na dripu. Hilo ndilo litakalomuuma zaidi, na nitalisema. Akilia nitakaa. Akinikasirikia nitakaa.

Kisha nitamwambia kiuno kinaniuma tangu kile kitanda cha upasuaji, na kinauma kweli, nitavua blauzi na kumgeuzia mgongo. Nikiona anasita kunigusa, nitaivuta mikono yake mimi mwenyewe niiweke pale chini ya mbavu, na sitatoka kwenye mkeka wake mpaka anikande.